Kioo cha Jicho la Kulia

Katika miaka ya tisini nilikuwa fundi cherehani pale Kashaulili, Mpanda, kwenye baraza la duka la vitambaa, hatua chache kutoka sokoni. Nilikuwa na cherehani moja ya kukanyaga, mkasi mmoja mzuri ambao sikuruhusu mtu akatie karatasi, na mdomo. Mdomo ndio ulioleta wateja. Mtu akinipa kitambaa nilimtazama kuanzia mabegani mpaka miguuni, nikafumba jicho la kushoto, nikasema, "Nimeshakupima." Ndipo nikachukua futi kamba, kwa kumridhisha tu. Nilipenda kutangaza kwamba jicho langu ni rula. Ukweli, ambao tuliujua mimi na mke wangu peke yetu, ni kwamba jicho hilohilo likitazama ng'ambo ya barabara lilikuwa haliwezi kutofautisha mbuzi na mtu aliyeinama.

Nilizaliwa hivyo. Tangu utotoni kila kitu kilinijia na kivuli kimekigandia ubavuni. Herufi za ubaoni zilikuwa na mikia, mwezi ulikuwa na ndugu yake mdogo amejibanza nyuma yake. Nilidhani ndivyo wanadamu wote wanavyoona, na kwamba wenzangu waliosoma ubao haraka walikuwa wamekariri.

Shida kubwa ya macho ya namna ile, kwa mji kama Mpanda ya wakati ule, haikuwa kazi. Ilikuwa salamu. Ukipishana na mtu asubuhi bila kumsalimia, kufika saa nane mchana habari imekwishafika kwa shemeji zako kwamba siku hizi unaringa. Mimi nilipishana na watu kila siku bila kuwajua mpaka wanipite. Nilipoona jina langu linaharibika, nikapata dawa: kumpa shikamoo kila kinachosimama wima. Nilimpa shikamoo binti wa darasa la tano aliyebeba ndoo kichwani, naye akanijibu marahaba bila hata kusita, kwa sauti ya mtu aliyekuwa akiisubiri. Siku nyingine, nikitokea upande wa stesheni, nilimkuta mzee mnene ameegemea mti na kofia yake. Nikamwamkia, nikamuuliza habari za nyumbani, nikamuuliza na mvua. Hakujibu. Nilikwenda zangu nimekasirika kabisa, nikamsimulia mke wangu jinsi wazee wa siku hizi walivyokosa adabu. Kesho yake alinipeleka mwenyewe akanionyesha gunia la mkaa ambalo mwenye nalo alikuwa amelivika kofia yake.

Nacheka sasa. Wakati ule sikucheka, kwa sababu nyuma ya vichekesho vyote hivyo kulikuwa na hofu moja niliyokuwa simwambii mtu. Baba yangu alikufa kipofu. Alikuwa mkulima wa Sibwesa, mtu wa jembe, na vikope vikamla macho polepole kwa miaka mingi, hadi akawa anapanda mahindi kwa kupapasa mstari kwa vidole vya miguu. Nilikuwa nimeyaona yale tangu mwanzo mpaka mwisho. Kwa hiyo kila nilipoona kitu kina mikia niliwaza: haya, yameanza. Na fundi kipofu si fundi. Mkulima anaweza kupapasa mstari wa mahindi. Nani atampa kitambaa cha harusi mtu anayepapasa?

Ndiyo maana nilishika sana suala la kutunza macho. Shangazi yangu alikuwa na mafundisho yake: macho ni kama betri za redio, ukiyawasha ovyo yanaisha. Nikamsadiki. Nikaanza kuyabana matumizi. Nikienda mahali ninapopajua, nilifumba jicho moja. Jumatatu la kulia, Jumanne la kushoto, ili yachakae sawasawa. Nikiwa sina mteja nilifumba yote mawili nikakaa, na wapita njia wakasema fundi amelala tena. Shangazi aliniletea pia asali ya nyuki wadogo wasiouma, ile inayotoka porini na kusifiwa kwa kila ugonjwa, nikawa najidondoshea machoni asubuhi. Iliwasha kama pilipili. Nikasema kama inawasha hivi, lazima inafanya kazi. Faida pekee niliyoiona ni kwamba inzi wa soko zima waliacha mapapai wakahamia kwangu.

Mke wangu ndiye aliyenipakia kwenye treni kwenda Tabora kupimwa. Yeye ni mwanamke wa maneno machache. Alisema tu, "Baba, leo unakwenda," na begi lilikuwa limeshafungwa. Nilirudi na miwani. Fremu ya duara, vioo vya duara, vizito kidogo, nami nikajiona mwalimu wa chuo. Aliyenipa alinieleza kwamba macho yangu hayalengi mwanga mahali pamoja, ndiyo maana naona mikia, na kwamba niivae kila siku. Akaniambia pia kwamba mwanzoni ardhi itaonekana imeinama na kichwa kitauma. "Utazoea," alisema. Katika yote aliyonieleza, neno hilo ndilo nililolibeba hadi Mpanda, na ndilo lililoniponza.

Maana kweli nilizoea. Siku ya kwanza nilishuka ngazi za treni nikinyanyua mguu kama kuku aliyekanyaga matope, kwa kuwa ardhi ilikuwa imepanda upande mmoja. Baada ya wiki ikatulia. Nikaona mishono yangu mwenyewe kwa mara ya kwanza, na sitaficha, baadhi ilinitia aibu. Lakini nilianza kuitunza ile miwani kuliko macho yenyewe. Nilikuwa naivaa Jumapili na siku za wageni, siku nyingine inalala kwenye kopo imefungwa kitambaa cha flana. Mke wangu aliponiuliza kama macho yangu nayo yanafanya kazi Jumapili tu, nikaona aibu, nikaanza kuivaa kazini. Hata hivyo kila Jumamosi niliiogesha kwa maji ya moto na sabuni, nikaifuta, nikaianika, kama mtoto mchanga.

Fremu ile ilikuwa ya plastiki. Jumamosi moja, kabla ya Kwaresima, maji yalikuwa ya moto kupita siku zote, na kioo cha kulia kikachomoka kikaangukia kwenye karai.

Mtu mwenye akili angeulizia pa kukipeleka. Mimi ni fundi, na fundi kupeleka kitu kwa fundi mwingine ni kukiri kushindwa. Nikakiangalia kile kioo: duara. Nikaangalia tundu lake: duara. Nikasema hapa pana ugumu gani, hata mtoto angejua pa kukiweka. Nikakitia, kikakaa vizuri, nikazungusha gundi kidogo pembeni kisije kikatoka tena, nikamwonyesha mke wangu. Alisema, "Kiko sawa?" Nikamwambia kiko sawa kuliko walivyokiweka wao.

Nilipovaa, ardhi ikapanda. Kichwa kikaanza kuuma upande wa kulia. Mikia ikarudi kwenye herufi, tena mingine mipya iliyoelekea kwingine. Nami, badala ya kushtuka, nikakumbuka lile neno la Tabora. Nikajiambia nitazoea.

Nikazoea. Baada ya wiki mbili hivi dunia ikanyooka tena, kwa namna yake, na nikaendelea kukata vitambaa. Utaratibu wangu wa kazi ulikuwa huu: nikishamaliza kushona, nguo nazipeleka nyumbani mchana, mke wangu anazipiga pasi ya mkaa, kesho yake zinarudi barazani, zinatundikwa kwenye kamba zinasubiri wenyewe. Miezi ile pasi ilianza kuchelewa. Nguo iliyozoea kulala siku moja ililala mbili. Nilipouliza, mke wangu alisema mkaa ulikuwa mbichi. Siku moja alishika gauni la mteja, akalinyoosha mbele yake, akaniambia, "Hili umelitazama vizuri?" Nilimjibu kwamba yeye aangalie sufuria, mimi niangalie magauni. Sikusema kwa ukali, nilisema kwa kucheka, jambo ambalo nadhani lilikuwa baya zaidi.

Halafu ikaja kazi ya kwaya. Akina mama wa kwaya ya kanisani kwetu walitaka sketi mpya za Pasaka, ishirini na sita, rangi ya bluu iliyoiva, na chini kabisa zizungukwe na utepe mweupe. Mwenyekiti wao alikuwa mama mmoja wa Kisukuma, mrefu, familia yao ilihamia na ng'ombe kutoka Shinyanga, na alikuwa na tabia ya kuuliza swali moja mara tatu. "Fundi, utawahi? Utawahi kweli? Nyie mafundi mnawahi kweli?" Nikamwambia mama, hii kazi ni ya jicho, na jicho ninalo.

Nilifanya kazi ile kwa furaha. Nilitandaza kitambaa, nikafumba jicho la kushoto, nikapiga chaki kuanzia ukingo mmoja hadi mwingine bila kuweka rula, mstari mmoja mrefu safi. Nikitazama pembe, naiona pembe. Nikitazama utepe mweupe, naona umenyooka. Kwa kuwa siku zilitubana, akina mama walikuja kuzichukua Jumamosi Kuu moja kwa moja kutoka barazani, kila mmoja akapige pasi kwake. Mke wangu alipofika mchana kuzifuata alikuta kamba tupu. Nakumbuka alisimama kidogo akiitazama ile kamba. Akauliza, "Zote zimekwenda?" Nikajibu kwa fahari kwamba zote.

Siku ya Pasaka niliwahi kanisani, nikakaa benchi la pili. Kwaya ikaingia kwa maandamano, hatua mbili mbele, moja nyuma, na utepe wangu mweupe ukapita mbele yangu mara ishirini na sita. Nilijaa machozi. Nilimgusa jirani yangu nikamwambia, "Unaona kazi hiyo?" Alisema anaiona. Kisha kwaya ikapanda jukwaani, wakasimama mistari miwili, wakageuka kutazama waumini, na kanisa likafanya sauti fulani. Haikuwa kicheko, maana ilikuwa Pasaka. Ilikuwa sauti ya watu wengi waliokumbuka kukohoa kwa pamoja.

Sikujua kilichokuwa kinaendelea. Nadhani ndani ya kanisa lile mimi ndiye mtu pekee niliyeona sketi zimenyooka. Wengine wote waliona mstari mweupe unaoanza juu kulia na kuteremka kushoto, sketi hadi sketi, kama uji kwenye bakuli lililowekwa mezani pabaya. Na akina mama wale, kwa kuwa walikuwa wameshaona tangu asubuhi wakivaa, walikuwa wamezivuta upande mmoja kiunoni kujaribu kuzisawazisha, hivyo vifungo vilikuwa mapajani. Kwaya iliimba vizuri sana. Tulipotoka nje mzee mmoja wa Kikonongo alinipa mkono akaniuliza kwa upole kama zile ni sketi za kupandia mlima.

Jumatatu mwenyekiti alikuja barazani na sketi yake mkononi na futi kamba yake mwenyewe begani. Hakupandisha sauti. Aliitandaza mezani pangu. "Fundi, pima hapa." Nikapima. "Haya, pima na hapa." Nikapima. Upande wa kushoto ulikuwa umezidi kwa inchi moja na nusu. Nikapima tena. Nikavua miwani nikaisogeza namba karibu na pua. Inchi moja na nusu.

"Fundi, wewe unaona?" aliniuliza. "Unaona kweli?"

Nilimjibu kwamba kitambaa kilikuwa na hitilafu, kimevutika. Akasema basi nitazirekebisha kabla ya kipaimara, kwa maana askofu atakuja, na akaiacha ile sketi juu ya meza. Wenzake wakaleta za kwao siku hiyo na iliyofuata. Nikazipanga kwenye kona, ishirini na sita, nikazifunika kwa shuka.

Sikuzigusa. Niliogopa. Futi kamba haina sababu ya kusema uongo, na jicho langu lilikuwa limeniapia kwamba kitu kilichopinda kimenyooka. Hata baba hakufika hapo. Baba alikuwa haoni; mimi nilikuwa naona visivyokuwepo. Nikaamua kwamba upofu wangu ni wa aina mbaya zaidi, unaingia ukiwa umevaa nguo za kuona. Mtu wa kawaida hapo angekwenda hospitali. Mimi sikwenda kwa sababu rahisi: kama ningekwenda wangeniambia, na wakishaniambia ingekuwa kweli.

Nikarudi kwenye utunzaji, safari hii kwa bidii ya mtu anayezama. Asali asubuhi na jioni. Maini ya mbuzi. Mlenda. Nilikatazwa na shangazi nisitazame moto, basi nikawa nakula ugali nikiwa nimempa mgongo mke wangu na jiko lake. Na nilianza jambo jingine ambalo sikumwambia hata shangazi: kujifunza kushona nimefumba macho. Nilijiambia hata kama macho yatakwenda, mikono itabaki. Saa za mchana, watu wakiwa wamejificha jua, nilifumba macho nikakanyaga cherehani, nikiongoza kitambaa kwa vidole. Mara ya kwanza nilijisifu jinsi mshono ulivyokuwa unakwenda laini, nikasimama kwenda kuchukua uzi, na suruali ya mteja ikanifuata. Nilikuwa nimeishona pamoja na mkono wa shati langu. Muuza duka alinikuta nikijifumua kwa wembe, nikamwambia hiyo ni mitindo ya Dar es Salaam.

Kazi nyingine ziliendelea kuja, nami niliendelea kuzipokea kwa sababu sikujua namna ya kuzikataa bila kueleza. Waliokuja kwa baiskeli kutoka Mishamo waliniletea vitenge, akina mama wa mjini waliniletea sare za watoto. Nilikata kwa futi kamba na rula, rula nikiilaza pale jicho liliposema pamenyooka, nikapeleka nyumbani kupigwa pasi, zikarudi, wenyewe wakachukua. Kila mteja alipoondoka nilisubiri arudi. Hakurudi hata mmoja. Wengine walinisifu. Mteja mmoja wa Mishamo alisema sijawahi kumshonea gauni likakaa vizuri kama lile. Hilo lilinichanganya kabisa. Nikahitimisha kwamba akina mama wa kwaya labda ndio waliokuwa na kiuno cha upande.

Kiangazi kilipoanza, ilitangazwa sokoni kwamba mtaalamu wa macho amekuja kwa siku tatu kupima watu zahanati. Nilijifanya sikusikia. Mke wangu alifika barazani mchana akiwa amevaa kitenge chake cha kutokea, akachukua mezani miwani niliyokuwa nimeivua ili nifumbe macho, akanipa. "Baba, twende."

"Nina kazi."

"Kazi ipi?" aliuliza, na akatazama ile kona iliyofunikwa shuka. Nikafunga cherehani.

Mtaalamu alikuwa dada mdogo kuliko nilivyotarajia, nami kwa tahadhari ya zamani nikampa shikamoo. Akaipokea akicheka, akasema basi nami nakuamkia, shikamoo baba. Alinitazama machoni kwa tochi yake ndogo kwa muda mrefu sana. Nilishika magoti. Mke wangu alikuwa amekaa kwenye benchi mlangoni. Nilijua hayo ndiyo maneno niliyoyakimbia, sasa yanakuja, na kitu nilichokiwaza ni cha kijinga: kwamba nimesahau kuitia cherehani mafuta.

"Baba, nani aliitengeneza hii miwani?"

"Tabora."

"Hapana. Hiki kioo cha kulia. Nani alikirudisha?"

Kutoka mlangoni mke wangu akasema, "Yeye mwenyewe."

Dada hakucheka, ingawa niliona shavu lake likijizuia. Alisimama akanishikia miwani mbele ya dirisha, nikatazama nondo za dirisha kupitia kile kioo. Akakizungusha taratibu. Nondo ya kusimama ikalalia upande huu, kisha upande ule, na ile ya kulala ikainama kukutana nayo, zikawa zinafunguka na kufumbana kama mkasi. Nilimwomba afanye tena. Akafanya tena. Akanieleza kwamba jicho langu halikuviringana kama chungwa, mbele limebonyea kidogo kama yai, na kwa hiyo kioo chake nacho kina upande wake, kina juu na chini, hata kama ukikitazama ni duara tupu. Mimi nilikirudisha kikiwa kimegeuka. Kwa miezi yote ile nilikuwa nimevaa kioo kilichopinda, na kichwa changu, kwa utiifu mkubwa, kikajifunza kuiita pembe iliyopinda pembe.

"Na macho?" nikamuuliza. "Macho yenyewe yanakufa?"

"Macho yako hayana ugonjwa, baba. Hayapofuki. Yameumbwa hivyo tu, yanataka miwani, iliyokaa sawa, kila siku. Na hiyo asali uache, kaule na mkate."

Nililia. Sitasema kitu kiliniingia jichoni. Nililia mbele ya dada yule na foleni nzima ya wazee wa Mpanda, nikijifuta kwa mkono wa shati lenye matundu ya sindano. Aliiyeyusha gundi yangu kwa maji ya moto ya chupa ya chai na kichokonoo, kazi iliyomchukua muda, maana nilikuwa nimeipaka kama mtu anayeziba paa. Akakizungusha kioo, akanivalisha, akanionya kwamba nitaona ardhi imeinama kwa siku chache. Nilimwambia najua, nitazoea, na mke wangu akatoka nje.

Tuliachana njiani. Yeye alipitia sokoni kununua nyanya, mimi nikaenda barazani, nikiinua miguu kama yule kuku. Nilitaka kwanza kuona ubaya wa kazi yangu yote, nianze kuomba radhi. Kwenye kamba kulikuwa na nguo sita zilizorudi kutoka kwenye pasi zikisubiri wenyewe: magauni mawili, sare tatu, sketi ya mwalimu. Nikachukua gauni la kwanza, nikalinyoosha kwenye mwanga. Lilikuwa limenyooka. Nikapima. Limenyooka. La pili hivyohivyo. Nikadhani dada wa zahanati kakosea, kioo bado kinanidanganya. Ndipo nikageuza pindo ndani.

Pindo halikuwa langu. Mimi hupinda kwa cherehani, mshono mmoja wa haraka. Huu ulikuwa wa mkono, vishono vidogo vilivyofuatana kwa subira, na pembeni yake yalibaki matundu ya mstari wangu wa zamani, ule wa kuteremka, uliofumuliwa. Nikageuza la pili. Nikageuza sare. Zote sita.

Nilikwenda nyumbani. Alikuwa anakata nyanya kwenye sahani. Nilikaa kwenye kigoda mbele yake, nikamshika mkono wa kushoto nikaugeuza kiganja juu, na kwenye ncha ya kidole cha shahada niliona ngozi imechimbikachimbika, vitundu vya sindano vya zamani na vipya, mpaka ukucha. Mkono niliokula nao sahani moja miezi yote hiyo.

"Tangu lini?"

"Tangu kabla ya Pasaka." Aliendelea kutazama nyanya. "Zile za kwaya ndizo sikuziwahi."

"Mbona hukuniambia?"

Aliweka kisu pembeni ya sahani. "Nilijua unaogopa," alisema. "Nikasema ngoja nijifunze kwanza. Ukishapofuka, wewe utakanyaga cherehani, mimi nitakuwa naangalia."

Mimi mwenye mdomo nilibaki nimeushika ule mkono, nao ulikuwa na maji ya nyanya, na lazima yalikuwa yanamwasha kwenye vile vitundu, lakini hakuuondoa.